Tuhesabu miti iliyodumu, si iliyopandwa

Tarehe 5 Juni mwaka 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara wa watu ulitoka katika Jumba la Mikutano la Kenyatta jijini Nairobi ukaelekea uwanja wa Kamukunji. Walipofika walipanda miti 7, kila mti kwa kumbukumbu ya shujaa mmoja wa jamii za Kenya, wakiwemo wanawake wawili, Mekatilili wa Menza na Wangu wa Makeri. Aliyekuwa kiini cha shughuli hiyo ni Wangari Maathai, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye sana, katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 2006, alisimulia kwamba kati ya miti hiyo 7, iliyodumu ni miwili tu.

Namwomba msomaji aiweke hesabu hiyo akilini. Miti mitano kati ya saba iliangamia, ilhali ilipandwa hadharani, katikati ya jiji kuu, kwa hotuba na shamrashamra. Seuze ile inayopandwa kandokando ya njia, kisha ikaachiwa mbuzi na jua la Januari? Kupanda mti ni kazi ya asubuhi moja. Kuutunza hadi usimame wenyewe ni kazi ya miaka. Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hili kwa ufupi: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Nayakumbusha haya kwa sababu tunaishi katika zama za kupanda. Mnamo Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa siku nzima ya mapumziko ili wapande miti. Nia ni njema, na mwenye kuibeza hana haki. Hata hivyo, kuna swali ambalo halisikiki katika hotuba za siku kama hizo: magari yakishaondoka na vumbi likatua, ni nani atakayebaki na jembe na mtungi wa maji? Katika vijiji vingi vya nchi hii jibu linajulikana. Ni kina mama. Na pale ambapo kina mama hao wamejiunga katika vikundi, wakachagua viongozi wao na kuanzisha vitalu vyao, ndipo miche hugeuka kuwa miti.

Hoja yangu leo ni moja tu. Tumezoea kuwasifu wanawake hawa, lakini hatujajifunza kuwasaidia. Sifa hutolewa siku ya kupanda. Msaada wa kweli unahitajika katika miaka ya kulea. Na tukitaka kujua msaada huo unafananaje, hatuna haja ya kuagiza wataalamu kutoka ng'ambo. Kina mama wa Kenya walikwisha kutuonyesha takriban nusu karne iliyopita.

Tuanze pale walipoanzia wao. Katikati ya miaka ya sabini, Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya lilikuwa likijiandaa kwa mkutano wa kwanza wa wanawake wa Umoja wa Mataifa, uliofanyika Mexico mwaka 1975. Katika maandalizi hayo, wanawake wa mashambani walieleza dhiki zao. Hawakuzungumza kwa lugha ya vitabu. Walisema kuni zimekuwa adimu, maji safi yamekuwa mbali, chakula cha kuwatosha watoto hakipatikani. Wangari, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, aliona kwamba malalamiko hayo yote yalikuwa na mzizi mmoja: ardhi iliyovuliwa nguo. Akatoa jibu jepesi kulitamka na gumu kulitenda, nalo ni kwamba tupande miti.

Zingatia mpangilio huo, hasa wewe mwalimu unayewafundisha vijana jinsi mawazo yanavyozaliwa. Tatizo halikutambuliwa na wizara wala na wafadhili. Lilitambuliwa na mwanamke aliyekuwa akitembea kutafuta mzigo wa kuni ambao mama yake aliupata karibu na nyumba. Msomi wa chuo kikuu alifanya kazi ya kusikiliza, kisha akaunganisha mambo ambayo wengine waliyaona kila moja kwa upande wake. Huko ndiko kuongoza kuanzia chini. Kiongozi hapeleki maarifa kijijini kama mtu anayepeleka posho, bali huyakuta huko na kuyapa njia.

Mwanzoni mambo hayakuwa rahisi. Maafisa wa misitu waliahidi kutoa miche, lakini kina mama walipojitokeza kwa wingi miche haikutosha. Wakaamua kuotesha yao wenyewe. Hapo wakaambiwa kwamba kuotesha miti ni taaluma ya watu wenye vyeti. Hawakuwa na vyeti, lakini walikuwa na miaka mingi ya kuotesha mahindi, maharagwe na viazi, wakaona kwamba mbegu ya mti nayo ni mbegu. Waliokota mbegu za miti ya asili iliyowazunguka, wakazisia katika mikebe mikuukuu na vyungu vilivyovunjika, wakaviinua mahali pa juu ili kuku na mbuzi wasivifikie. Wakabandikwa jina la wanamisitu wasio na diploma, na jina hilo likageuka kuwa fahari.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naliona kuwa muhimu kuliko yote katika historia hiyo, ingawa ndilo linalosahaulika upesi. Vuguvugu la Green Belt liliweka kanuni ya malipo. Kikundi kilipewa senti chache kwa mche. Lakini hazikuwa senti za mche uliooteshwa, wala za mche uliopandwa. Zilikuwa za mche uliopona. Ilibidi mti uonekane, uguswe, uthibitishwe kuwa hai, ndipo malipo yatolewe.

Kanuni hiyo ndogo ilibeba hekima kubwa ya uchumi na ya utu. Kwanza, ilifukuza udanganyifu, maana mti uliokufa haukuwa na bei. Pili, ilitambua kwamba kazi yenyewe ni ile isiyopigwa picha: kumwagilia alfajiri, kupalilia, kuzungushia miiba, kumkemea jirani mwenye ng'ombe. Tatu, ilimweka mwanamke mahali pa mfanyakazi anayestahili ujira, si mahali pa mfadhiliwa anayestahili huruma. Senti zilikuwa chache mno, naam, lakini kwa wengi zilikuwa fedha walizozipata kwa jasho lao na kuzishika mikononi mwao.

Matokeo yanajulikana. Wangari Maathai alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, hesabu ya miti ya vuguvugu hilo ilikuwa imetajwa kuwa milioni 30. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na kazi ikaendelea. Ulimwengu ulimpa sifa yeye, na alistahili, ila mwenyewe hakuchoka kurudisha macho ya watu kwa maelfu ya kina mama wa vijijini ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Tusijidanganye kwamba Kenya ilimpokea kwa shangwe tangu mwanzo. Mwaka 1989 alipopinga mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, alikejeliwa hadi ndani ya Bunge, ambako wafuasi wake waliitwa kundi la wanawake walioachika. Vuguvugu lake likafukuzwa katika ofisi za serikali kwa notisi ya saa 24. Januari 1999, alipokwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura uliokuwa ukinyakuliwa, alishambuliwa na kuumizwa kichwa. Leo jumba lile halipo, na msitu ule upo. Watu wa Nairobi wanaotembea chini ya vivuli vya Karura siku ya Jumapili wanakula matunda ya jeraha lile, na huenda wengi wao hawalijui.

Nitaulizwa: kwa nini tuwatenge wanawake? Mazingira si ya wote? Ni ya wote, lakini mzigo haukugawanywa kwa wote. Sisemi kwamba mwanamke ameumbwa karibu na udongo kuliko mwanamume, kama wanavyodai baadhi ya watu wenye kupenda maneno matamu. Wapo wanawake wanaokata miti na kuchoma makaa, kwa kuwa njaa haina jinsia. Ninachosema ni kwamba mgawanyo wetu wa kazi ndio uliomweka mwanamke mstari wa mbele. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba za nchi hii hupikia kuni. Ni nani huzitafuta kuni hizo? Ni nani huamka usiku wa manane kuwahi foleni kisimani?

Kwa hiyo hali ya anga inapogeuka, yeye ndiye hugundua mapema. Kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilipotea mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, mifugo ikafa na safari ya kwenda kutafuta maji ikarefuka. Ukame ulipoisha, mvua nayo ikaja kwa ghadhabu: kati ya Machi na Mei 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200, wakiwemo waliosombwa usiku huko Mai Mahiu. Mtoto akikosa maji au akiharisha baada ya mafuriko, ni mama anayekesha. Basi si ajabu kwamba ni mama huyo huyo anayeitisha mkutano wa kikundi kuzungumzia matuta ya kuzuia mmomonyoko, visima na miche. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tutazame sasa jinsi tunavyomsaidia. Aghalabu anaalikwa kwenye sherehe, anavikwa fulana na leso, anaimba, anapewa mche ashike mbele ya kamera. Anahudhuria semina katika hoteli, kisha anarudi nyumbani na daftari na kalamu. Ripoti huandikwa kwamba kina mama kadhaa wamewezeshwa na miche elfu kadhaa imepandwa. Mwaka unaofuata sherehe inafanyika tena, pengine katika uwanja ule ule na mashimo yale yale. Sisemi haya kwa dhihaka. Wengi wa wanaoandaa shughuli hizo wana moyo safi. Kasoro iko katika hesabu: wanahesabu kilichotolewa, hawahesabu kilichobaki.

Tukibadilisha hesabu tukauliza kilichobaki, tutalazimika kuviona vikwazo vinne ambavyo hotuba haziviondoi.

Kikwazo cha kwanza ni ardhi. Mti hauoti hewani. Huota katika shamba la mtu. Katika jamii zetu nyingi kuotesha mti wa kudumu kumekuwa kama kutia sahihi ya umiliki, na ndiyo maana wanawake wamezuiwa. Katika sehemu za Kakamega, mathalani, mila ilimkataza mwanamke kupanda mti, na alionywa kwamba akithubutu atakuwa tasa au atafiwa na mume. Wataalamu wa kuni waliofanya kazi huko katika miaka ya themanini waligundua njia ya kupenya: kulikuwa na vichaka vya kuni ambavyo mila haikuvihesabu kuwa miti, na mwanamke aliruhusiwa kuvipanda. Ulikuwa werevu wa kupongezwa, lakini ni werevu wa kupita dirishani pale mlango ulipofungwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi ukomeshwe. Sheria imefungua mlango. Vijijini bado kuna walioshika komeo. Mwanamke anayelea miti kwa miaka 10 katika shamba ambalo shemeji anaweza kumfukuza siku moja baada ya mazishi ya mumewe, huyo hatujamsaidia hata tukimpa miche milioni.

Kikwazo cha pili ni fedha. Tangu Sheria ya Tabianchi ya mwaka 2016, kaunti nyingi zimeunda hazina za tabianchi, na mpango unaojulikana kwa kifupi kama FLLoCA, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, ulikusudiwa kuzifikisha fedha katika kamati za wadi ili wananchi wenyewe waamue miradi. Mpangilio huu ni wa kupongezwa. Hata hivyo, fedha zina tabia ya maji: hufuata mfereji uliochimbwa. Mwenye kujua kuandika pendekezo, mwenye akaunti ya benki yenye historia ndefu, mwenye nauli ya kwenda makao ya kaunti mara tatu, huyo ndiye hupata. Kikundi cha kina mama 20 wanaochangishana shilingi 50 kwa wiki huambiwa warudi na stakabadhi nyingine. Si kwamba wamekataliwa, wamechoshwa. Na kumchosha mtu ni njia moja ya kumkatalia bila kulitamka neno.

Kikwazo cha tatu ni sauti. Katiba inasema kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kanuni hiyo imewaingiza wanawake katika kamati, na hayo ni maendeleo. Lakini kuketi si kusikika. Mara ngapi tumeona kamati ambayo mwenyekiti ni mwanamume, mwenye kutia sahihi hundi ni mwanamume, na wanawake wamekamilisha idadi? Mama anayekijua kila chemchemi cha kata yake hupewa kazi ya kuandaa chai, huku anayeulizwa kuhusu chemchemi akiwa mzee aliyehamia mjini zamani. Thuluthi ya viti bila thuluthi ya maamuzi ni hesabu ya miti iliyopandwa, si ya iliyodumu.

Kikwazo cha nne ni usalama. Kutetea mazingira hakuishii kwenye kupanda. Wakati mwingine ni kumzuia mwenye nguvu asikate, asichafue, asinyakue. Phyllis Omido alikuwa mama wa mtoto mchanga alipofanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Mtoto wake akaugua, na ikabainika kwamba sumu ya madini hayo ilikuwa mwilini mwake. Mama huyo akaanza kuuliza juu ya watoto wa jirani. Alitishwa, akakamatwa mwaka 2012, lakini hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikakatiwa rufaa, na haikupata uamuzi wa Mahakama ya Juu hadi Desemba 2024. Mwenzake, Joannah Stutchbury, aliyekuwa akipinga kumegwa kwa Msitu wa Kiambu, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake Julai 2021, baada ya kupokea vitisho. Tunapomhimiza mama wa kijijini ainuke aongoze, tuwe wakweli kwake kuhusu bei, na tusimwachie ailipe peke yake.

Je, kuna mahali ambapo mambo yamepangwa vyema zaidi? Twende Pwani, katika kijiji cha Gazi, kaunti ya Kwale. Huko mikoko, michu na mikandaa ilikatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya boriti na kuni, na samaki wakapungua, kwa kuwa mizizi ya mikoko ndiyo malezi yao. Tangu mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda hekta 117 za mikoko hiyo na kuuza ng'ambo haki ya hewa ya ukaa inayozuiwa kwenda angani, tani zipatazo 3,000 kwa mwaka. Wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi hutoa utaalamu, nao wanakijiji huamua matumizi ya mapato, yakiwemo maji ya bomba na vifaa vya shule. Pembeni mwa kazi hiyo, kikundi cha wanawake wa Gazi kinaendesha ulalo wa mbao unaowapitisha wageni ndani ya mikoko kwa ada. Ni biashara yao, na mlango wa kuingilia wanaushika wao.

Tazama mantiki yake. Mapato ya Gazi hayatokani na mikoko iliyopandwa, bali iliyosimama. Ikikatwa, malipo yanakoma. Ni kanuni ile ile ya senti za Green Belt, ila imevaa nguo mpya za soko la kimataifa. Sheria nayo imeanza kuifuata: marekebisho ya Sheria ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanataka miradi ya hewa ya ukaa inayotegemea ardhi iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama. Lakini neno "wenyeji" ni blanketi pana, na mara nyingi wenye kulala katikati ni wale wale. Wanaoandika mikataba hiyo hawana budi kueleza wazi ni sehemu gani itakayopitia mikononi mwa vikundi vya wanawake ambao jasho lao ndilo limeulinda msitu. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wazee. Kina mama wamechumia juani. Isiwe kivuli ni cha wengine.

Huenda msomaji makini akanipinga hapa. Atasema kwamba kulipa kwa mti uliopona tu ni kuwaonea wanawake wa Turkana, Garissa au Kitui, ambako mtu aweza kufanya kazi kwa uaminifu na ukame ukaua kila kitu. Pingamizi hilo ni la haki, na nalikubali. Mti ukifa kwa uzembe, mwenye kuutunza abebe hasara. Ukifa kwa ukame uliosababishwa kwa kiasi kikubwa na moshi wa mataifa tajiri, haifai hasara imwangukie mwanamke aliyeteka maji kilomita 10. Kwa hiyo katika maeneo kame malipo yawe na sehemu mbili: ujira wa kazi iliyofanywa, na nyongeza kwa miti iliyosimama. Aidha, huko tusilazimishe miche mahali ambapo kulinda migunga iliyopo au kuzuia malisho yasichunguliwe ardhi tupu ndiyo hekima. Kudumu kuna sura nyingi. Mahali pengine ni mti, pengine ni chemchemi, pengine ni nyasi.

Mwingine atasema fedha zikipewa vikundi vya kina mama zitaliwa. Nami namuuliza: zilipopitia kwingine zilipona? Vikundi vya merry-go-round vimeendesha akiba za mamilioni ya Wakenya kwa daftari la kurasa 40 na aibu ya jirani, na mwanachama akichelewesha mchango wa wiki moja hujulikana kijiji kizima. Kama kuna taasisi nchini iliyozoea kuhesabiana, ni hiyo. Zaidi ya hayo, malipo yanayotolewa baada ya kazi kuthibitishwa hayaachi mwanya mpana wa kuliwa.

Basi tufanye nini? Serikali za kaunti zinaweza kuanza na yaliyomo mikononi mwao. Sheria tayari inatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Miche ya mpango wa bilioni 15 inunuliwe humo, kutoka katika vitalu vya vikundi vya wanawake vilivyo katika wadi ile ile, na sehemu ya bei izuiliwe hadi miezi 12 ipite na miti ihesabiwe. Ripoti za kila mwaka zitaje miti iliyo hai kabla ya kutaja iliyopandwa. Fomu za kuomba fedha za hazina za tabianchi ziwe za ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na afisa aende kijijini badala ya kijiji kumfuata afisa.

Na sisi walimu na wanafunzi tunalo la kutenda bila kungoja bajeti ya mtu. Shule zetu hupanda miti kila mwaka. Klabu ya mazingira ifungue daftari moja, kila mti uandikwe nambari, tarehe, aina na kitalu ulikotoka, kisha muhula baada ya muhula wanafunzi wapite wakihesabu iliyo hai. Hilo ni somo la hisabati, la sayansi, na la uraia pia. Shule inunue miche yake kutoka kwa kikundi cha kina mama wa karibu, ambao wengi wao ni wazazi wa watoto wale wale, na iwaalike waje kufundisha jinsi mbegu inavyosiwa. Mwanafunzi akimwona mama yake amesimama mbele ya darasa, akifafanua jambo ambalo mwalimu wa sayansi anaandika kwenye daftari, atajifunza kitu ambacho hakimo katika silabasi yoyote.

Pia tuwafundishe wavulana. Yule kijana aliye katika shule ya sekondari leo ndiye atakayekuwa shemeji kesho, mzee wa ukoo kesho kutwa, mwenyekiti wa kamati ya wadi mtondo. Akikua akijua kwamba mti alioulea dada yake ni wa dada yake, komeo lile nililolitaja litakuwa limeanza kulegea kutoka ndani.

Narejea Kamukunji. Miti miwili iliyodumu haikudumu kwa sababu ilipandwa kwa mikono mitukufu zaidi kuliko ile mitano. Yote ilipandwa siku moja, na watu wale wale, kwa dua ile ile. Wangari na wenzake wangeweza kuendelea kuhesabu saba hadi leo, na hakuna ambaye angewauliza. Badala yake walijenga vuguvugu zima juu ya hesabu ya ile iliyo hai. Mpango wa bilioni 15 utafika mwisho wake mwaka 2032, na mwanafunzi wa sekondari anayesoma safu hii pamoja na mwalimu wake atakuwa ameshakuwa mtu mzima mwenye kura. Na aulize siku hiyo ni mingapi iliyo hai, na waliyoilea wamelipwa nini.